Taa ya Mnara na Nyota za Kipupwe



Kipupwe kimeingia. Huku nyanda za juu kusini hatuhitaji kalenda kutuambia hivyo: alfajiri majani ya viazi vilivyochelewa kuvunwa hukutwa yameungua kwa sakitu, na wenzetu wa uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, huamka na kuziona nyasi zimekuwa nyeupe kana kwamba zimemwagiwa chumvi. Huu ndio msimu wa kupukuchua mahindi, kupura maharage, kufyatua matofali na kufunga ndoa. Jua likizama kila mmoja anakimbilia motoni, na ikifika saa mbili usiku njia ni tupu, milango imefungwa, na waliobaki nje ni mbwa peke yao.

(Na kwa kuwa tumeutaja moto, turudie tangazo la kila mwaka: jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu wala rangi, nayo humkuta mtu usingizini. Ni afadhali kulala na blanketi la pili kuliko kulala na jiko.)

Juma hili tunataka kuandika juu ya watu wachache wa hapa kwetu ambao, wakati sisi wengine tunaikimbia baridi, wao wanatoka nje kuifuata. Ni klabu ya kutazama nyota. Ina watu wasiozidi ishirini: mwalimu mstaafu wa fizikia, muuguzi wa zahanati, kijana wa bodaboda, fundi seremala, mama wawili wa kwaya na wanafunzi kadhaa wa sekondari. Walianza kukutana baada ya usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, pale mwezi ulipopatwa wote ukabaki mwekundu kwa muda wa dakika 82, nasi sote tukasimama uwanjani shingo juu. Wengi wetu tulirudi ndani, tukaongea siku mbili tatu, tukasahau. Hawa hawakusahau.

Sasa wameleta ombi kwa maandishi kwenye halmashauri ya walei. Wanaomba kwamba usiku wa Ijumaa mbili kila mwezi, zile zilizo karibu na mwezi mwandamo, taa kubwa iliyo juu ya mnara wa kengele izimwe kuanzia saa mbili na nusu hadi saa sita. Ombi lenyewe ni la mistari saba, lakini maneno yaliyokwisha kusemwa juu yake yangejaza daftari. Halmashauri itakaa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Tunaona ni vema waamini waujue msimamo wetu kabla ya kikao, ili asiwepo wa kusema kwamba paroko alinong'onezwa pembeni. Tunaliunga mkono ombi hilo, na hapa chini tunaeleza kwa nini.

Kwanza, tueleze kinachofanyika huko nje, maana wapo wanaodhani kwamba ni mchezo wa watoto, na wapo wanaodhani mabaya zaidi. Kutazama nyota wakati wa kipupwe ni kazi yenye kanuni zake. Mtu huvaa nguo mbili mbili, kofia ya sufu na soksi nzito, kwa sababu anayetazama nyota hatembei wala halimi. Anasimama palepale, na baridi humpanda kutoka miguuni. Tumeona wakitandika magunia makavu chini ya miguu, jambo dogo lenye manufaa makubwa. Darubini nayo hutolewa nje nusu saa kabla, ipoe kwanza, kwa sababu kioo chenye joto la nyumbani kikikutana na hewa ya baridi huifanya nyota itetemeke kama kitu kilicho chini ya maji ya mto. Haifai kupumua juu ya kioo cha kuchungulia, kwani pumzi hugeuka ukungu na kila mtu husubiri kikauke. Betri za tochi hudhoofika upesi kwa baridi, kwa hiyo hukaa mfukoni, karibu na mwili.

Lililo gumu kuliko yote kwa mgeni ni jicho. Jicho la mwanadamu huhitaji dakika ishirini hadi thelathini gizani ndipo lizoee, na mwako mmoja wa simu unatosha kuiharibu kazi hiyo yote. Ndiyo maana tochi zao zimefungwa nailoni nyekundu, rangi ambayo hailisumbui sana jicho. Ndiyo maana pia moto wa chai huwashwa nyuma ya ukuta wa jiko la parokia, na anayetaka kuota huenda huko, huota, huchoma kiazi chake, kisha hurudi na kuanza upya kulizoesha jicho giza. Mama wa kwaya mmoja alitueleza kwamba kila usiku anapima mambo mawili: vidole vyake au Njia Nyeupe. Mara nyingi, anasema, vidole vinashindwa.

Kwa nini wajitese wakati wa kipupwe, wasingoje miezi yenye joto? Jibu ni kwamba miezi yenye joto kwetu ndiyo miezi ya mawingu. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili tuna mvua, na mwenye kupenda nyota hukaa ndani akisikiliza bati. Juni na Julai hewa ni kavu, na kama ukungu haujashuka, anga huwa safi hata hudhani vumbi halijaumbwa. Agosti ikisonga mbele, moshi wa mashamba na misitu inayochomwa huanza kuichafua hewa tena. Nafasi basi ni fupi. Wenzetu wa Ulaya nao husubiri baridi, lakini kwa sababu nyingine: Juni katika mji kama London usiku hauingii giza kamili hata dakika moja, kwa hiyo wapenda nyota wa huko hufanya kazi yao kubwa Desemba na Januari, katika baridi ambayo hii yetu ni utani mbele yake.

Na tena Mungu ametujalia kipande cha anga ambacho wao hawakipati vizuri. Simama nje katikati ya Julai, saa tatu na nusu usiku, uinue uso karibu na utosi kwa upande wa kusini. Utaona nyota nyekundu, na kutoka kwake mstari wa nyota unaojikunja kama mkia wenye mwiba. Huyo ni Nge, ambaye wanafalaki wa pwani humwita Akarabu. Kwa watu wa London Nge hutambaa chini kabisa, karibu na paa za nyumba, na mkia wake hauchomozi. Kwetu anatembea juu ya vichwa. Ile nyota nyekundu iko mbali nasi kwa takribani miaka 550 ya mwanga. Mwanga unaoingia jichoni mwako usiku huu ulianza safari kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498. Karibu na mwiba wa Nge, Njia Nyeupe hunenepa na kung'aa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu huko ndiko uliko moyo wa galaksi yetu.

Geuka upande wa kusini magharibi. Msalaba wa Kusini unaanza kulala ubavu, na kabla ya saa saba usiku utakuwa umezama. Nyota mbili zenye nguvu zinazoufuata ni za Kantarusi. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote za usiku zionekanazo kwa macho, miaka 4.4 tu ya mwanga. Mwalimu mstaafu huwaeleza wanafunzi hivi: mwanga mnaouona ulitoka kule mdogo wako aliye darasa la tano alipokuwa darasa la kwanza. Juu kidogo, mwenye macho mazuri huona nyota iliyofifia kama iliyofutwa kwa kidole. Kwa darubini inageuka kuwa rundo la nyota zisizohesabika. Wataalamu wanasema ni mamilioni, kwa umbali wa takribani miaka 17,000 ya mwanga. Tumemwona mzee wa kigango, mtu asiyeshtuka kwa lolote, akilitazama rundo hilo, akaondoa jicho, akaikagua darubini mbele na nyuma kama mtu atafutaye picha iliyobandikwa ndani.

Kuna jambo jingine juu ya Nge ambalo vijana wetu wa sekondari wangependa kulijua. Mwaka 1962 katika eneo lake kiligunduliwa chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wetu wa Jua. Na chombo cha kwanza kilichorushwa kwa ajili ya kutafuta vyanzo vya namna hiyo mbinguni kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, nacho kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vitabu vya wanafalaki duniani kote vinalitaja neno hilo letu hadi leo. Si kweli, basi, kwamba mambo haya ni ya Wazungu na sisi tunayaiga.

Zaidi ya hapo, babu zetu waliisoma anga kabla ya shule kufika. Wanaoamkia Misa ya alfajiri, Julai, saa kumi na moja, watazame kaskazini mashariki: kuna kifungu kidogo cha nyota zilizobanana kama vifaranga. Hicho ni Kilimia. Jina lake limetoka katika kulima, na halikutolewa kwa kupendeza sikio. Mei Kilimia hupotea ndani ya mwanga wa Jua. Mwishoni mwa Juni huonekana tena alfajiri. Na kinapoanza kuchomoza mashariki mapema jioni, ni Novemba, na jembe liwe tayari. Watu wa pwani wana methali juu yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waxhosa wa Afrika Kusini hukiita isilimela, mzizi uleule, nao mwezi wa Juni wameuita kwa jina lake, na kwa desturi yao mwanamume huhesabu miaka yake ya utu uzima kwa kurudi kwa nyota hizo. Watu waliotengana kwa maelfu ya kilomita wamelishika neno moja kwa ajili ya nyota zilezile.

Tulipomuuliza mzee mmoja wa jumuiya ya mlimani kama wajukuu zake wanakijua Kilimia, alicheka. Alisema, «Baba Paroko, wajukuu wangu wanajua bei ya bando.» Hatuwalaumu watoto. Mtu hawezi kukijua asichokiona, na hapo ndipo tunapofika kwenye taa.

Lakini kabla ya taa, kuna neno moja ambalo inabidi tulizungumze, maana ndilo linalonong'onwa zaidi. Lugha yetu ina kichekesho chake: mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi anayetoka usiku. Mtu mzima akionekana uwanjani saa tano usiku, katika giza, bila jambo la kueleweka, jina la pili humpata haraka kuliko la kwanza. Kijana wa bodaboda ameshaulizwa na abiria kama kweli «anaruka» na wenzake Ijumaa. Yeye alicheka, muuguzi hakucheka, kwa sababu aliyeambiwa hivyo ni mama yake mzazi, kisimani, mbele ya watu. Tunasema waziwazi: kuwaita hivyo ni kuwasingizia, na kusingizia ni dhambi hata kama umesema kwa utani. Wanaokutana kwenye uwanja wa kanisa, mlango wazi, chai mezani, na kualika kila mtu, hawana siri. Anayewashuku na aende akachungulie kwenye darubini.

Wengine wanachanganya klabu hii na wale wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme kwamba wanasafisha nyota. Mganga wa namna hiyo atakuambia nyota yako imechafuliwa na jirani, atakula kuku wako na fedha zako, na hajawahi hata siku moja kukuonyesha nyota yenyewe iko wapi. Klabu hufanya kinyume chake: inakuonyesha nyota ilipo, haikuambii lolote juu ya bahati yako, na haikudai hata shilingi. Kanisa limekataza kupiga ramli kwa nyota. Kuzichunguza halijakataza, tena limekuwa na wanafalaki wake kwa karne nyingi. Tarehe yenyewe ya Pasaka twaipata kwa kuhesabu mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndiyo maana Pasaka haiangukii kamwe wakati wa mwezi mwandamo.

Tumesikia pia swali la watu wenye busara: watu ishirini wasio wataalamu, wenye darubini moja ya kuchangishana, watapata faida gani? Wao hujibu kwamba wanafurahi, na kwetu jibu hilo lingetosha. Hata hivyo, katika elimu hii asiye mtaalamu bado ana nafasi ambayo amekwisha kuipoteza katika elimu nyingine nyingi. Huko Australia alikuwepo mchungaji Robert Evans wa Kanisa la Uniting, ambaye alizikariri sura za mamia ya galaksi kama sisi tunavyozikariri nyuso za waamini wetu. Kuanzia mwaka 1981 aligundua zaidi ya nyota 40 zilizolipuka, nyingi zikiwa za kutazamwa kwa jicho lake tu kupitia darubini ya nyumbani. Alifariki mwaka 2022. Katika nchi hiyohiyo, usiku wa baridi wa tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mtengenezaji wa programu za kompyuta, aliona doa jeusi juu ya sayari ya Mshtarii ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa ameliona. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari ile. Aliwaandikia wataalamu, nao wakaelekeza darubini zao kubwa mahali alipowaonyesha.

Na kuhusu umaskini wa vifaa, tunapenda habari za John Dobson wa Marekani. Alikuwa mtawa katika utawa wa Kihindu huko San Francisco, akajifunza kutengeneza darubini kwa vitu vilivyotupwa: mabomba ya karatasi ngumu, mbao, na vioo vizito vya madirisha ya meli ambavyo alivisugua kwa mkono. Alizitoa nje, akawaita wapita njia. Utawa ukamwona anazidi kutoroka kwenda kuonyesha watu nyota, ukamwondoa mwaka 1967. Mwaka uliofuata vijana wakaanzisha pamoja naye klabu ya wanafalaki wa kando ya barabara, na kitako rahisi cha mbao alichokibuni sasa hutumiwa na wapenda nyota ulimwenguni kote. Fundi seremala wetu ametengeneza cha namna hiyo kwa mbao za paini zilizobaki baada ya kuezeka zahanati. Kinazunguka bila kukwama, ingawa kina harufu ya rangi ya milango.

Sasa taa. Ile iliyo juu ya mnara iliwekwa kwa nia njema na michango ya wengi, nasi tunawaheshimu waliochanga. Ni taa kali, nyeupe, isiyo na kofia, na sehemu kubwa ya mwanga wake haianguki chini kwenye ua wa kanisa bali hupanda juu na kwenda pembeni hadi bondeni. Katika giza kamili, jicho la kawaida huona nyota kati ya elfu mbili na elfu tatu kwa wakati mmoja. Klabu ilihesabu nyota katika eneo moja la anga, taa ikiwaka na taa ilipozimika kwa kukatika umeme, kisha ikatuletea karatasi. Hatutaiweka hapa, kwa sababu mbunge wa upande wa pili atasema imepikwa. Tunamwomba kila mmoja ajihesabie umeme ukikatika tena, jambo ambalo hatutalisubiri sana.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanadamu hawaioni tena Njia Nyeupe mahali wanapoishi. Mwingine, wa mwaka 2023, uliotokana na hesabu zaidi ya 50,000 za watu wa kawaida waliotazama anga na kuandika walichokiona, ulipata kwamba mwanga wa anga ya usiku ulikuwa ukiongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mwaka tangu 2011. Sehemu kubwa ya hesabu hizo ilitoka Ulaya na Marekani Kaskazini. Afrika ilikuwa na watazamaji wachache, na tunafikiri klabu kama hii yetu ingeweza kuwa miongoni mwao. Wenzetu wa miji mikubwa leo wanasafiri kwa magari na fedha kwenda kutafuta giza. Sisi tunalo bado, hapa uwanjani, na tunalifukuza kwa taa moja.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kuna akina mama wanaotoka mazoezi ya kwaya, na kuna wagonjwa wanaoletwa zahanati usiku. Kuna wezi. Tuanze na hao wagonjwa: taa ya zahanati haimo katika ombi, nasi hatutakubali iguswe hata klabu ikitupigia magoti. Akina mama wa kwaya humaliza mazoezi saa moja na nusu, na Ijumaa hizo wanaklabu wenyewe wamejitolea kuwasindikiza hadi njia panda. Kuhusu wezi, tuseme ukweli unaojulikana: betri za sola za parokia ziliibiwa usiku ambao taa ya mnara ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa. Taa ilimmulikia mwizi kazi yake, na mlinzi, aliyekuwa amekaa ndani ya mwanga, hakuweza kuona chochote kilichokuwa nje ya mwanga huo. Tunadhani watu ishirini walio macho, waliozoea giza, ni ulinzi bora kuliko taa moja kwa usiku huo.

Yupo pia aliyesema kwamba kanisa lisilo na taa ni aibu, na kwamba wapita njia watadhani tumefilisika. Hoja hii tunaiheshimu kidogo zaidi ya inavyostahili. Kila mwaka, usiku wa Mkesha wa Pasaka, tunazima taa zote, ndani na nje, tunasimama gizani mamia ya watu pamoja na watoto wachanga, na hatujawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba parokia imeaibika.

Sisi tungeenda mbele kidogo ya ombi. Tunapendekeza kwa halmashauri kwamba taa ya mnara ipewe kofia ya bati ielekeze mwanga chini. Fundi ameshataja bei, na haifiki gharama ya sherehe moja ya somo wa parokia. Balbu nyeupe ibadilishwe kwa yenye rangi ya manjano iliyopoa. Na usiku wa manane, siku zote, iwekwe ya kuwaka yenyewe mtu anapopita, ili mwizi ashtuke na mlinzi ajue pa kutazama. Tukifanya hivyo huenda klabu isihitaji tena kuzimiwa chochote, na umeme tutalipa kidogo. Lakini kofia itachukua muda, na kipupwe hakisubiri kikao cha pili. Kwa hiyo, kwa msimu huu, taa izimwe Ijumaa hizo mbili.

Kama halmashauri itakataa, tutatii, na klabu itapanda kilimani kwa mwendo wa saa moja, ikibeba darubini mgongoni. Wazee na watoto hawataweza kwenda. Hilo ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu yule mzee wa jumuiya ya mlimani, ambaye ndiye anayeyajua majina ya zamani ya nyota kwa lugha ya hapa, ana umri wa zaidi ya miaka themanini na mguu mmoja mbovu. Mwalimu mstaafu amenunua daftari kwa ajili ya majina hayo. Hadi sasa yameandikwa kumi na moja.

Kikao ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya Misa ya pili, na kiko wazi kwa waamini wote. Ijumaa ya klabu iliyo karibu itakuwepo kwa vyovyote, taa iwake au izimwe. Mje mmevaa vizito, mzime simu langoni, na watoto chini ya miaka kumi waje na mzazi. Chai ya tangawizi itakuwepo nyuma ya ukuta wa jiko. Kikombe kila mtu aje na chake.